Mariamu wa Kitabuni na Resti wa Masaka

International City, Dubai
Jumamosi asubuhi

Bibi yangu kipenzi, mke mwenzangu,

Shikamoo. Najua barua hii unasomewa na Zuhura, mmekaa barazani, wewe umenyoosha miguu kwenye mkeka. Zuhura mdogo wangu, soma polepole, na usiruke ninapomsifu mume wangu, maana hapo ndipo penye utamu. Goti lako linaendeleaje, Bibi? Ile dawa ya kuchua aliyokununulia Mama unaitumia, au umeificha uvunguni kama ile ya kwanza? Sisi huku tu wazima kabisa. Tunakula, tunalala, na tunapendana mpaka majirani wanatucheka.

Mume wetu hajambo na anakusalimu. Siku ya harusi ulisema ukisikia ananinunisha utapanda ndege uje umchukue mwenyewe. Basi baki Tanga, humpati. Hemedi akitoka kazini kule Ras Al Khor, kwenye ghala la vipuri vya magari, ananuka grisi kichwa mpaka miguu, lakini lazima apite mkahawani aninunulie chai ya maziwa yenye iliki. Anaishika mkononi ndani ya basi njia nzima, imo kwenye kikombe cha karatasi. Ikifika imepoa. Naipasha moto, nakunywa, namwambia sijaonja chai tamu kama hii, na wala sisemi uongo.

Chumba chetu umekiona kwenye picha. Huku nyumba moja hukatwa vipande kwa mbao nyembamba, kila kipande wanakiita patisheni, na kila patisheni ina watu wake. Yetu inatosha kitanda, kabati na mimi na Hemedi. Nimetundika pazia la mawaridi. Upande wa pili wa ubao anakaa Mama Resti, Mganda wa Masaka, mlinzi kwenye maghala ya karibu na uwanja wa ndege. Ni mrefu, mlokole, ana sauti nzito kama ya imamu, na ubao ulivyo mwembamba, akikohoa Hemedi humwambia pole.

Huyu Mama Resti ana binti mmoja, Resti, wa miaka kumi na mitatu, anayelelewa na bibi yake huko Masaka. Na tangu mama mtu aje Dubai, mtoto hajamwambia hata neno moja. Si kwamba ni mgonjwa. Amegoma. Kila akipiga simu, bibi mtu anasema Resti yuko nje, Resti amelala, Resti anaosha vyombo. Mama Resti mwenyewe alikuwa akifanya mzaha kwamba binti yake anaosha vyombo vya ukoo mzima. Halafu ukiwa umelala unamsikia upande wa pili anapuliza pua. Jambo hilo lilinikata maini, Bibi, maana mimi nina furaha kiasi cha kumgawia mtu, lakini furaha ya namna hiyo haigawiki.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Hemedi alikuwa anafungua viti vya gari moja bovu lililoletwa kukatwakatwa, akakuta chini ya kiti cha nyuma kitabu cha watoto cha Kiingereza, hakina jalada, kurasa za mwanzo zimelowa oili. Akamwonyesha arbab wake, yaani bosi. Arbab akakigeuzageuza, akamwambia chukua, khalas, yaani yameisha. Mume wa mtu mwingine angeleta manukato. Wangu aliniletea kitabu chenye harufu ya gari, nami nikamkumbatia na ovaroli lake hivyo hivyo.

Kwa kuwa Hemedi aliishia la saba na mimi nina kidato cha nne changu, ikawa kila tukishakula nasoma ukurasa kimoyomoyo, kisha namsimulia kwa Kiswahili, kichwa chake amekilaza mapajani pangu. (Zuhura, hapo ungeweza kuruka.) Nilikuwa naanza kama ulivyokuwa ukituanzia wewe, hadithi hadithi, na yeye anaitikia hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Jioni ya tatu ubao ukagongwa. Mama Resti akasema tupandishe sauti, wapendanao tunanong'ona mno, na yeye hajui kama yule mtoto wa kitabuni amevuka daraja au hakuvuka. Tangu siku hiyo tukawa wasikilizaji watatu, na utamu kolea ikawa inaitikiwa kwa Kiganda cha sauti nzito.

Hadithi yenyewe ni ya familia moja ya Ulaya, wakati wa vita vile vikubwa vya zamani. Binti anaitwa Miriam, nami nikamwita Mariamu. Baba yake Jakob nikamwita Mzee Yakubu, fundi wa kutengeneza brashi. Babu yao havui kofia hata mezani. Nguruwe hawagusi. Kabla ya kula wananawa na kuomba dua. Wakiamkiana wanatakiana amani. Ijumaa wanafagia nyumba, wanaoga, wanavaa nguo safi. Ungekuwa wewe, Bibi, ungesemaje? Anayesimulia ni mtoto mwenyewe, na yeye anasema tu watu wetu: watu wetu wamekatazwa kukaa bustanini, watu wetu wamefungiwa maduka, watu wetu wanahama. Nikatangaza kwamba hawa ni Waislamu wenzetu. Kilichotutatiza ni mishumaa miwili ambayo mama yake huiwasha kila Ijumaa jua likikaribia kuzama, na mkate anaoufunika kitambaa. Hemedi akaamua kwamba kwao umeme hukatika Ijumaa, na mkate hufunikwa kwa ajili ya nzi. Tukaridhika.

Mama Resti naye alikuwa ameishiwa la kumwambia binti yake. Umekula, soma kwa bidii, mheshimu bibi yako, yote hayo alishayasema na hayakujibiwa. Basi akaanza kumsimulia kitabu. Kila akitoka kutusikiliza anarekodi ujumbe wa sauti kwa Kiganda na kuutuma kwenye simu ya bibi mtu. Bibi akaleta habari kwamba anaufungulia jikoni, na Resti anajifanya hasikii, lakini sahani moja anaiosha mpaka hadithi iishe.

Mama Resti alipofika kwenye ile Ijumaa ya mishumaa, akaieleza kama tulivyoielewa sisi, pamoja na umeme na nzi. Kesho yake jioni nikasikia anagonga. Amesimama pale mlangoni, sare ya kazi kaivaa nusu, simu kaishika kwa mikono miwili kama yai. Akaifungulia. Ilikuwa sauti ya mtoto, kali, ya haraka haraka. Sikuelewa neno, ila nilielewa kwamba tunagombezwa. Mama Resti akatufasiria.

"Anasema, Mama, hao si Waislamu, hao ni Wayahudi. Na umeme haujakatika."

Kumbe darasani Resti anakaa dawati moja na msichana wa kutoka Mbale, na huko Mbale, Bibi, wako Wayahudi weusi kama sisi, wakulima wa kahawa. Bibi yake huyo msichana huwasha mishumaa kila Ijumaa jioni kuipokea siku yao ya mapumziko, na mkate hufunikwa kwa heshima. Resti alimaliza kwa kusema hao wenzake mama anaosoma nao wajifunze kusoma vizuri.

"Ametusema sote watatu," akasema Mama Resti, na machozi yanamtiririka kwa furaha. Mtoto aliyekataa salamu alishindwa kuvumilia kosa.

Nikafungua kurasa ambazo hatujazifikia, na kweli, familia inaamriwa kushona alama kwenye makoti, na neno Wayahudi limeandikwa wazi. Mimi Wayahudi niliwajua kwa visa vya Nabii Musa na kwa habari za redio tu. Nikamtazama Hemedi. Alikuwa amewalilia watu wale usiku baada ya usiku akidhani ni ndugu zake. Akajikuna kidevu, akasema yeye machozi yake hayarudishi, endelea kusoma. Bibi, hapo nilimpenda upya.

Lakini ukurasa uliofuata ulikuwa mgumu. Mzee Yakubu anatangulia kuvuka mpaka ili awatafutie wenzake mahali pa kukaa. Anaondoka alfajiri, viatu amevishika mkononi, na Mariamu hamwamshi. Mtoto anaamka anakuta kikombe cha baba yake bado kina joto. Nilipofika hapo upande wa pili mlango ukafunguliwa. Kisha Mama Resti akaja akakaa ukingoni mwa kitanda chetu. Na yeye aliondoka Masaka alfajiri, Resti akiwa amelala. Ndiyo sababu ya mgomo wote ule.

"Saumu, hapo pageuze," akaniambia. "Nitasema alimwamsha, akamuaga vizuri."

Unavyonijua, nilikuwa tayari. Ningemfanya Mzee Yakubu amkumbatie mwanawe mpaka kuche na kumwachia na pete juu. Mama Resti aliogopa kwamba mtoto akisikia yale yale tena, hata huu ugomvi wa mishumaa utakoma. Hemedi ndiye aliyekataa. Akamuuliza, mtoto aliyetukamata kwa mishumaa, hili hatalitambua?

Basi akarekodi kama ilivyo, viatu mkononi, kikombe na kila kitu, akatuma. Tukangoja. Hemedi alishika zamu ya chapati akaunguza mbili. Jibu lilikuja, swali moja tu: "Kwa nini hakumwamsha?"

Mama Resti hakuniuliza kitabu kinasemaje. Akapiga simu pale pale mbele yetu, na safari hii bibi mtu hakutaja vyombo. Walizungumza Kiganda, akatueleza baadaye. Alimwambia, "Kwa sababu angemwona amefungua macho, asingeweza kuondoka. Na mimi hivyo hivyo." Mtoto akasema kesho ana mtihani, na mama yake ampigie asubuhi amwamshe.

Kitabu tumekimaliza. Wote wanavuka salama, na Mzee Yakubu anawapokea stesheni. Mariamu anakataa kumshika mkono baba yake mpaka mtaa wa tatu. Resti amesema yeye angengoja mpaka wa nne.

Nisalimie Baba na Mama, na Mama umwambie sijasahau kufunika chakula. Msalimie Mjomba fundi baiskeli, na Shangazi aliyepika biriani ya harusi yangu, mwambie Hemedi bado anaisimulia kazini. Somo yangu aliyenifunda mwambie mwanafunzi wake amefaulu, asiulize zaidi. Zuhura, wewe nakubusu. Bibi, wewe nakuombea goti, na uniombee nami nidumu na mume huyu mpaka tuzeeke.

Naandika haya kitandani na huku nje ndiyo kwanza kunakucha. Hemedi bado amelala, mdomo wazi kidogo, mzuri vile vile. Upande wa pili Mama Resti ameshapiga simu, kama kila siku sasa, ijapokuwa mtihani ulishapita. Anasema zuukuka, Resti, zuukuka. Ni amka kwa Kiganda. Kutoka Masaka nasikia mtoto anaguna, anamwambia mama yake yale niliyokwisha kufasiriwa, bado kidogo, asikate simu.

Mjukuu wako akupendaye, mke mwenzako aliyekutangulia,

Saumu wa Hemedi