Dua za Bibi Zilipokwenda Kuwait

Gongoni,
Tabora.
Jumatatu, 18 Novemba 2024

Mpendwa kaka yangu Nabhan,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na jeraha la juu ya jicho liwe limeanza kufunga. Umeandika kwenye simu kwamba ni nyuzi chache tu. Wewe tangu utoto kila linalokupata ni dogo tu, kwa hiyo niambie kweli: unaona vizuri? Kichwa hakikuumi ukiinama kusali?

Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea na dawa zake za presha na anapata usingizi. Mvua za kwanza zimenyesha, vumbi la Gongoni limelala, na huko Kigwa ninakofundisha wanafunzi wanaingia darasani na matope mpaka magotini. Kila Ijumaa narudi nyumbani, treni ikinikubalia. Bibi naye ni mzima. Nimemweka mwisho makusudi, kwa sababu barua hii hasa ni yake.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Jumamosi nilipotaka kukupigia, Bibi aliifunika simu kwa kiganja chake. "Radhi haitumwi hewani," akasema. "Iandike, ami yako Abdulnasser aibebe akienda Maskati, aikabidhi mkononi mwake."

Umesoma sawasawa, kaka. Radhi. Amekupa. Nimeona nikuambie mapema, usije ukasoma kurasa zote umebana pumzi kama mimi nilivyoibana Jumamosi nzima. Sasa kaa vizuri nikueleze ilivyokuwa.

Unajua jinsi tulivyoishi tangu ile hitima ya kutimiza mwaka wa baba. Bibi alitamka mbele ya ukoo mzima kwamba hana radhi na mjukuu anayechezea maji yaliyomuua baba yake, na kwamba usivuke kizingiti chake mpaka uache. Nawe hukuacha, na hukuja. Kwake, ule mto uliofurika njia ya Ipole ukamchukua baba na mizigo yake ya asali, na hilo bwawa lenu la vigae la Maskati, ni maji yale yale. Mimi nikabaki katikati kama mlango, huyu ananisukuma huku na yule ananisukuma kule. Nilikuwa nikiogopa kitu kimoja tu, sikuwahi kukuandikia: kwamba Bibi ataondoka duniani neno lile likiwa bado limesimama kati yenu, na hakuna atakayeweza kuliondoa.

Ulipotuambia kwamba mashindano haya ya kimataifa ya mpira wa majini yataonyeshwa kwenye televisheni, na kwamba timu yenu imefika mechi ya kuwania nafasi ya tatu na Wakuwaiti, Ami Abdulnasser alijifanya anatengeneza dishi. Bibi alimtazama akipanda ngazi, akasema, "Mimi sitazami. Nitachambua mchele wangu, na mtu asinisemeshe." Basi akakaa pale pale sebuleni, ungo mapajani, mgongo kwenye televisheni. Kama kweli hakutaka kujua, kaka, jikoni kulikuwa na nafasi tele.

Mpira ulipoanza tu, akauliza bila kugeuka:

"Wamevaa nini?"

"Wamevaa, Mama, wamevaa," Ami akasema haraka.

"Wamevaa kofia tu," Mama yetu akamaliza, na hapo Ami akaongeza sauti ya mtangazaji.

Nilimweleza Bibi kwamba wewe ni kipa, kofia yako ni nyekundu, wenzako wana kofia nyeupe, na kwamba uko goli la kushoto. Akachambua kidogo. Kisha:

"Amesimama?"

"Amesimama, Bibi."

"Amesimama juu ya nini?"

"Hajasimama juu ya kitu. Kina ni kirefu. Anakanyaga maji."

"Basi hajasimama. Usinidanganye, wewe mwalimu." Na baada ya punje chache: "Babu zetu walikata pori lote kutoka Bagamoyo mpaka hapa Unyanyembe kwa miguu yao. Nani kati yao aliona haja ya kucheza mpira ndani ya maji?"

Lakini niliona kwamba mkono wake haukuwa ukichambua tena. Ulikuwa unazungusha mchele tu. Kila watu walipopiga kelele alikuwa ananiuliza kitu kimoja, "Yuko juu?" nami najibu, "Yuko juu, Bibi." Ulipoinuka mpaka kiunoni ukapangua lile shuti la mikono miwili, Ami alirusha kofia yake, na Bibi akasema polepole kwenye ungo wake, "Mashaallah," halafu akakohoa kama vile hakusema.

Ndipo likaja lile. Yule Mkuwaiti mrefu alikurukia na kiwiko, nikaona damu, nikaona kofia nyekundu inashuka chini ya maji, na umeme ukakatika.

Sijui nikuelezeje giza la kioo kile. Mchana mweupe, jua limejaa dirishani, lakini kile kioo cheusi ndicho kilichojaza nyumba. Bibi akageuka kwa mara ya kwanza. "Yuko juu?" Nilihangaika na simu, mtandao ukawa unazunguka tu. "Afrah, nakuuliza. Yuko juu?"

"Alikuwa anashuka, Bibi. Umeme umekatika."

Ungo ulianguka, mchele ukatapakaa sakafuni, na hakuangalia nyuma. Alivuta buibui lake msumarini akalivalia njiani. "Uwesu ana sola," akasema, na akavuka barabara mbele yetu sote, yule yule ambaye kwenda msalani anaomba fimbo.

Unamkumbuka Uwesu, fundi redio, mume wa Mwanne. Siku hizi kibanda chake kina paneli juu ya bati na benchi mbili, na Jumamosi kinajaa wanaume wanaotazama kandanda. Walipomwona Bibi mlangoni wote walisimama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Uwesu, toa hao wanaokimbia, niwekee walio majini."

"Bibi yangu, imebaki kidogo mechi iishe—"

"Hao wakianguka wanaangukia nyasi. Toa."

Akatoa. Mwanne alimsukuma mtu mmoja kwenye benchi, Bibi akakaa katikati ya wanaume wale na tasbihi mkononi. Picha ilipotulia, mapumziko yalikuwa yamepita na robo ya tatu imeshaanza. Nikatafuta goli la kushoto, nikaona kofia nyekundu, iko juu ya maji, inatembea huku na huku, hai. Nilishika ukuta. "Yule pale, Bibi! Kushoto! Yuko juu!"

Kaka, nilivyomsikia akishusha pumzi. Kisha akaanza dua. Hakuwa tena na mgongo kwa mtu. Kila mpira uliporushwa kwenye goli la kushoto alipandisha sauti, na kipa yule akadaka, akapangua, akadaka tena. Benchi zote mbili zikajiunga naye. "Kipa wa Gongoni huyo!" Uwesu akapiga kelele. "Hapiti mtu!" Mwanne akapiga vigelegele. Mzee mmoja fundi viatu akaapa kwamba alikujua tangu ukidaka ndimu mtaani. Kila wale wa kofia nyeupe walipokosa goli tulishangilia mpaka watu wakaja kuchungulia mlangoni. Mimi, mwenye digrii yangu, nilishangilia kuliko wote, sikujiuliza hata mara moja kwa nini wenye kofia nyeupe ndio wanaolishambulia goli lako.

Halafu kamera ikamsogelea kipa. Uso mpana, masharubu mazito, mtu wa makamo.

Kibanda kizima kikanyamaza.

"Huyu," Bibi akasema, "ana masharubu makubwa kuliko ya marehemu baba yake. Mjukuu wangu mmemweka wapi?"

Ukimya ule niliujua. Ndio ule ule uliokuwa uani kwetu siku Doto, aliyesafiri na baba, alipofika peke yake kutoka Ipole, nguo zake zimemgandia, ameshika kandambili za baba. Nilimtazama Bibi nikaona naye amerudi uani pale. Nilijaribu kukumbuka ulichonieleza kuhusu mchezo huu, kichwa hakikushika kitu, nilikuwa nasikia tu shanga za tasbihi zikigongana. Mpaka Uwesu, ambaye hakuwahi kuuona mchezo huu maishani mwake, akasema kwa woga, "Bibi, hata kwenye kandanda wakitoka mapumziko wanabadilishana magoli. Pengine na kule mwisho kuna kofia nyekundu nyingine."

Na kweli mpira ukahamia upande wa pili, na picha ikaufuata. Ulikuwa pale. Plasta nyeupe juu ya jicho, maji yanakutiririka, unawapigia kelele mabeki wako kama ulivyokuwa ukinipigia mimi nikikuharibia mchezo uani. Ulizama kidogo, ukaibuka. Ukazama tena, ukaibuka.

Bibi aliinuka. Alisimama mbele ya televisheni ya Uwesu kama anavyosimama mbele ya mtu anayeaga safari, akainua mikono yote miwili, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani: "Nabhan bin Mundhir, nimekuridhia. Nimekuridhia nchi kavu na nimekuridhia majini. Neno langu la siku ile nimeliondoa." Kisha akawageukia wale mashabiki wa kandanda: "Mmesikia nyote? Nililisema mbele za watu, na ninaliondoa mbele za watu."

"Tumesikia, Bibi," wakajibu kwa pamoja. Ami Abdulnasser alitoka nje. Alidai sola imemchoma macho.

Nami nililia, kaka, na sikujificha. Nilihisi kitu kinashuka kutoka mabegani ambacho nilikuwa nimekizoea hadi nikadhani ni sehemu ya mwili wangu.

Kwamba mlifungwa kwa bao moja, unajua mwenyewe. Ila Bibi amenitaka nikuandikie kwamba bao hilo lisiwe juu yako. "Dua zangu za robo nzima zilikwenda Kuwait," anasema. "Yule mwenye masharubu zilimfaa. Mwambie mjukuu wangu aniwie radhi na mimi." Uwesu naye anadai Wakuwaiti wamlipe bibi yetu posho ya kocha.

Kuna jambo moja zaidi, na hili sikulisimulia hata kwa Mama.

Jana Doto alileta asali. Unajua tangu msiba Bibi hakuwahi kutoka kumwamkua. Asali ilipokelewa mlangoni na Doto akaondoka na baiskeli yake. Jana alisema, "Mwambie apite ndani." Doto aliingia akakaa ukingoni mwa kiti, kofia mkononi. Bibi akamtazama muda mrefu, halafu akamuuliza alijifunzia wapi kuogelea.

"Utotoni, Bibi. Tukivua samaki na kaka zangu. Hakuna aliyenifundisha, ni kuigana tu."

"Mwanangu alitaka," Bibi akasema. "Akiwa mdogo. Wenzake walikuwa wakienda bwawani, nami nilimfungia ndani. Mara ya mwisho nilimchapa mpaka akaahidi hataingia majini tena. Akatimiza ahadi yake."

Doto aliangalia sakafu. Nami nilikuwa nimesimama na kikombe cha kahawa, sikuweza kukiweka chini wala kukipeleka mbele. Miaka yote hii nilidhani Bibi alikuwa amekukasirikia wewe.

Nilikwenda nikakaa chini karibu na miguu yake. Akanishika kichwa. Baadaye, Doto alipokwisha kuondoka, aliniuliza kama bwawa lenu lina siku ya wanawake. Nikamwambia sijui, lakini kaka anaweza kumfundisha mtu popote, hata hapa. Akafikiri.

"Basi akija kabla ya Ramadhani, na aje, chumba chake nimeagiza kipakwe chokaa, akufundishe na wewe. Umefika umri huu hujui hata kuelea, na kila wiki unapita njia yenye mito." Akavuta mtandio wake. "Lakini msiniage mkienda. Niambieni mkisharudi, nguo zenu zimekauka."

Ami ataondoka keshokutwa na barua hii pamoja na dumu dogo la asali ya Ipole. Bibi ameisomea Yasini mwenyewe, alfajiri, mlango wazi. Ulambe kijiko kabla ya kuingia majini, na usigawie makipa wengine.

Mfikishie salamu shangazi Maram huko Maskati na wanawe wote, na wale wenzako wa kofia nyeupe ambao tuliwazomea bila kujua. Mama anakubusu jichoni, lile lililo zima. Mwanne na Uwesu wanakusalimu, na benchi mbili nzima za mashabiki wako wapya.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi juu ya maji na chini yake, akulete nyumbani salama. Tunakungoja.

Ni mimi dada yako nikupendaye sana,

Afrah