Jiwe la Mheshimiwa Bhengra

Jumatatu, 4 Novemba

Wameleta mpango wa Prabhat Bhengra, anayegombea bunge la jimbo letu la Jharkhand. Kijitabu chenye picha za mitambo na anga safi mno. Nimekisoma mara mbili — mazoea ya ualimu. Kimeandikwa vizuri. Ajira kwa vijana wote wa jimbo, barabara, umeme usiokatika. Na kwetu hapa kiwanda cha vipuri, kwenye “ardhi iliyokaa bure”.

Ardhi hiyo ni uwanja wa mawe yetu. Bwawa lilipomeza kijiji, nikiwa kijana, tuliyapakia mawe ya makaburi ya ukoo kwenye mikokoteni ya ng'ombe, tukaja kuyalaza hapa. Hati ya serikali hatujapewa hadi leo. Lakini kwetu Wamunda, ukoo ukilaza jiwe lake mahali, pale ni pao. Tumeishi kwa hilo.

Mjukuu wangu Salomi alikisoma amesimama, mikono bado ina mafuta ya dhuska, maandazi ya mchele na dengu anayokaanga stendi. Ana cheti cha ufundi wa mitambo. “Babu! Wanataka mafundi. Hapa hapa!”

Jumapili ana treni. Anakwenda kwenye viwanda vya nguo, kusini mwa India.

Jumatano, 6 Novemba

Bhengra kaja mwenyewe. Mmunda mwenzetu, ila kakulia Ranchi. Viatu alivua mlangoni. Ijumaa anaweka jiwe la msingi, anataka niketi jukwaani niseme machache. “Ukikubali wewe, mwalimu, ukoo mzima umekubali.”

Nikauliza, na mawe? Yatahamishiwa kwenye bustani, yatawekewa uzio. Nikamkumbusha kwamba watu wa bwawa nao waliahidi kazi kwa kila nyumba. Mama yangu alifagia ofisi yao msimu mmoja, basi.

“Wale walikuwa wageni, mwalimu. Mimi ni wenu.”

Jibu zuri. Ningeweza kuliamini.

Alhamisi, 7 Novemba

Salomi hazungushi maneno. “Yale mawe hayajui yako uwanjani au bustanini, babu. Mimi nitajua niko wapi.”

Nikasema mababu wamelala pale.

“Basi waamke wakakaange dhuska!”

Tukacheka. Yeye akaacha kwanza. Nikikaa jukwaani, tiketi anairudisha.

Wazee wenzangu wote wamekufa. Sina wa kumsukumia neno hili. Nataka abaki — naliandika hapa, kwake sijalitamka.

Ijumaa, 8 Novemba

Nilikaa jukwaani. Turubai, maua, vipaza sauti vinavyopiga mluzi.

Wakafunua jiwe la msingi. Mtu huko mjini alimshauri Bhengra aliweke kimila, wenyeji wafurahi. Basi fundi kalilaza kama la kaburi! Bamba pana, chali, juu ya vijiwe vinne, kando kabisa ya mawe yetu. Na limechongwa jina kubwa: BHENGRA.

Shemeji yangu Jauni, macho yake hayaoni vizuri, akajikongoja na mafuta na manjano, akalipaka jiwe kama tunavyowafanyia marehemu.

Akamgeukia Bhengra: “Pole, mwanangu. Nani amekufa?”

“Hakuna aliyekufa, bibi. Ni kiwanda.”

“Maskini! Kimekufa kabla hakijazaliwa?”

Watu walivunjika mbavu. Bhengra naye alicheka, hajui anacheka nini. Kisha sauti nyuma: “Lakini hilo ni jina la ukoo wake! Kalaza jiwe la ukoo wake kwenye uwanja wetu!” Kicheko kikakatika. Wanaume wakainuka.

Watu wa Bhengra wakanisukumia kipaza sauti. Bhengra akaninong'oneza, “Waeleze, mwalimu.” Salomi alikuwa ameshika nguzo ya turubai, ananitazama.

Nikatangaza kwamba wali na dengu viko tayari. Watu wakaenda kula.

Jumamosi, 9 Novemba

Jiwe bado liko pale. Likishapakwa mafuta haling'olewi mpaka mzee wa ardhi atamke, na mzee ni mimi. Nikinyamaza, uwanja ni wa akina Bhengra. Nikisema ling'olewe, kiwanda kitapelekwa wilaya nyingine; msaidizi wa Bhengra ameshanipigia simu kunionya.

Sasa Bhengra na msaidizi wake wamekuja. Wako barazani. Salomi amewapa maji ya kunawa, bila kuambiwa, kama mgeni anavyopokewa. Nawasikia dirishani.

“Mheshimiwa, zinakuja mashine gani?”

“Za kisasa, dada.”

“Za kisasa zipi? Za kukereza vyuma? Za kukata gia?”

“Zote. Nyingi.”

“Na mafunzo yanaanza lini?”

“Tukishinda, dada, kila kitu kitapangwa. Mwalimu yupo?”

“Yupo. Mafundi mnachukua wa hapa, au mnakuja nao?”

Kiti kimelia. Bhengra ananiita kwa sauti, mwalimu, mwalimu, tafadhali. Nimeinuka, kalamu mkononi. Salomi amesimama katikati ya mlango, mgongo kwangu, hasogei; hataki nitoke kabla hajajibiwa. Anarudia swali: mafundi wa hapa, au —