Mlango wa Posho Mill, Bila Wewe

Baba,

Barua ya jana niliichana. Hii sijui kama nitaimaliza. Lakini kuna jambo sijamwambia mtu, na ni wewe tu uliyekuwepo.

Unakumbuka ile Jumamosi niliyokusimamisha mlangoni pa posho mill yako hapa Ikutha? Ulikuwa mweupe wa unga hadi kope. Nilikuwa nimepata programu ya bure ya kutengeneza picha za HDR kwa kompyuta ya shule, na nilikuwa sishikiki kwa furaha. Nikakueleza: ndani ni giza, nje jua linachoma, simu ikipiga picha moja lazima upande mmoja upotee. Kwa hivyo napiga tatu, ya giza, ya kawaida na ya mwanga mwingi, halafu programu inaziunganisha, kila kitu kinaonekana.

Ukasema, "Mwaitu, kwani uso wangu ni mgumu hivyo, hadi picha tatu?"

Mwaitu. Yaani mama, kwa Kikamba. Uliniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yako. Sasa hakuna anayeniita hivyo.

Nikaegemeza simu kwa debe la kupimia mahindi, nikakuambia usisonge. Ulivumilia picha moja tu. Mama mmoja akafika na gunia mgongoni, na wewe hungeweza kumtazama tu, ukaenda kumtua. Mimi nikaendelea kubonyeza.

Programu ilipoziunganisha, ulikuwa kama moshi. Nyuma ya kifua chako naona mlango. Kuna mahali unaweka alama ili iondoe kilichosonga. Nikaweka. Ukatoka. Kilichobaki ni kivuli chako sakafuni, nacho nilihangaika kukifuta karibu saa nzima, nikashindwa. Nilipokuonyesha ulicheka hadi ukashika ukuta. "Umenifukuza kazi kwa posho mill yangu mwenyewe!"

Kompyuta ya shule hufutwa kila jioni, kwa hivyo zilibaki kwa simu tu. Halafu simu ikajaa. Nikafuta zile tatu. Nilizifuta mwenyewe, Baba, kwa kidole hiki.

Wiki mbili baadaye kifua kikakubana ukiwa kazini.

Siku ya kupanga mazishi waliniomba picha ya kuweka mbele ya jeneza, ati mimi ndiye mpiga picha wa nyumba. Nikasema sina. Baba mdogo akasema mbele ya wote, "Siku nzima kwa simu, na hata picha moja ya babake hana!" Wakakuza ile ya kitambulisho, ile unayoonekana kama mtu amekamatwa. Tukakuzika na uso ambao si wako.

Nilipoenda kwa shangazi, huko mjini Mwingi, nilipeleka simu kwa fundi azirudishe zile tatu. Alijaribu, akaniambia zimekwenda, nisipoteze nauli tena.

Mama siku hizi hubeba mahindi hadi posho mill nyingine kule mwisho wa soko, asione mlango wako. Aliniuliza mara moja, bila hasira, "Kweli hukuwahi kumpiga hata moja?" Nikasema sikuwahi. Niliona afadhali afikiri sikujali kuliko ajue nilikuwa nawe, nikakutoa. Tangu siku hiyo hajauliza tena, na mimi siwezi kula nikiwa nimeketi karibu naye.

Picha yenyewe bado ninayo. Ni nzuri, Baba. Hilo ndilo linaniua. Mkanda wa mashine unaonekana, mizani, barabara huko nje, hata mbuzi wa jirani. Kila kitu isipokuwa wewe. Na nikienda pale leo kwa macho yangu, ni vivyo hivyo.

Jumapili tukitoka kanisani nitampa Mama hiyo simu. Nitamwambia yote, hata akikataa kunitazama. Kisha nitaweka kidole pale chini, kwenye kivuli, nimwambie: huyu hapa. Sikuweza kumtoa kabisa.

Nimekuahidi. Pumzika, Baba. Sitamwambia mtu tena asisonge.

Ni mimi,
Mwaitu wako