Njia Yangu ya Genge la Irente

Jumatano, mvua haijakatika.

Yule Athumani ana jambo. Mfungwa gani mtoto anaandika porojo zangu mimi mlinzi kwenye daftari?

Leo mwalimu wa hii jela ya watoto kaniita darasani nisimulie mambo ya zamani. Nikawapa ile ya kushuka kwa kamba genge la Irente nikiwakimbia askari wa Mdachi, mzigo kichwani, kiko mdomoni. Wote wakacheka, Athumani akawa anaandika.

"Shikamoo babu. Kamba ulifunga mti upi?"

"Marahaba. Unakwenda kuposa huko chini Mombo?"

"Nauliza tu, babu."

Kumbe njia yote kaichora. Mwalimu kamsifu mwandiko, kweli unaupita huu wangu niliouokoteza dirishani mwa darasa lake. Hapo nikajua anataka kutoroka kwa njia hiyo. Mama yake mgonjwa huko Mombo, na tangu apate habari hali chakula.

Nikimsemea kwa wakubwa atachapwa. Funguo nimezivaa shingoni, usiku huu hatoki.

Lile genge sijalishuka. Hata kuchungulia naogopa.

Asubuhi nitamwambia mimi mwongo. Lushoto nzima hakuna anayeniamini, kasoro huyu mmoja.