Mchumba Wangu Anataka Kuoa kwa Kilti, Kaka Anasema Ni Sketi

Bi Ummi mpendwa, naomba unisaidie, na ikiwezekana usiingoje zamu ya barua yangu, kwa maana harusi ni Ijumaa ya wiki ijayo, na bibi harusi ni mimi, na aliyeharibu pia ni mimi.

Jina langu ni Rukiya, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa. Nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno hapa Dubai na nakaa Jumeirah Village Circle na wasichana wenzangu. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo walii wangu, wa kuniozesha, ni kakangu Famau, mwenye duka la vipuri vya magari Ras Al Khor, ambaye ndiye aliyenileta huku na mpaka leo nikichelewa kupokea simu yake anawapigia wenzangu kuuliza kama niko hai. Mchumba wangu ni Mskoti, alizaliwa akaitwa Murdo, akasilimu kabla hajanijua, sasa anaitwa Sulaiman, ni fundi wa lifti, mtu mpole, anasali, na kaka alimpenda tangu siku alipokuja kujitambulisha dukani, akavua saa yake na kusaidia kushusha injini bila kuambiwa na mtu.

Sasa shida imeanzia kwa babake, Mzee Angus, mjane wa visiwani huko kaskazini mwa Uskoti, ambaye mwanawe aliposilimu hakugombana naye ila alinyamaza, na kilichomuuma zaidi ni jina, kwa kuwa Murdo ni jina la babu yake na kwao kila kizazi lazima awepo Murdo. Aliposikia kuna harusi alipiga simu mwenyewe akasema, "Nitakuja. Jina umelivua, sawa. Lakini siku hiyo vaa nguo ya watu wako."

Nguo yenyewe ni kilti, Bi Ummi, ile wanayovaa wapiga zumari za mfuko, kitambaa kizito cha sufu chenye miraba, kinazungushwa kiunoni, nyuma kina marinda, kinaishia magotini, halafu soksi ndefu. Kila ukoo kwao una miraba yake, na yao ni ya kijani na buluu iliyokolea, na mstari mwembamba wa manjano, kiasi kwamba mjuzi akiiona anajua huyu ni mtoto wa nani kabla hajafungua mdomo. Sulaiman alinieleza haya machozi yakimlengalenga, nami nikamwambia, ndiyo, hakuna shida, kaka amekubali.

Kaka nilikuwa sijamwuliza.

Nilipomwuliza ilikuwa dukani kwake, nikamwonyesha picha kwenye simu, akaikuza kwa vidole, akamwita Irshad, fundi wake Mpakistani, naye aje atazame.

"Hii sketi," kaka akasema.

"Si sketi, kaka, ni kilti."

"Ina marinda haina?"

"Ina marinda."

"Basi sketi. Na miraba hii ya shuka la Kimasai. Rukiya, mimi nikae mbele ya sheikh na wazee wa Mombasa nimshike mkono mwanamume aliyevaa sketi, picha ziingie grupu la familia? Wallahi akija hivyo sitoi mkono. Mwambie avae kanzu kama watu, khalas."

Nami nikasema, ndiyo kaka, nitamwambia, na keshoye nikampigia kaka kumwambia kwamba Sulaiman amekubali kanzu, na wala Sulaiman sikuwa nimemwambia kitu.

Sasa kila mmoja yuko tayari. Kaka amemshonea kanzu nzuri na shangazi yetu Najla analeta kofia ya viua kutoka Mombasa. Sulaiman ametumiwa kilti ya babu wa babake, Murdo mwenyewe, ameitundika kwenye mlango wa kabati na kila akipita anaigusa. Ijumaa iliyopita tulikula pamoja, kaka akamwambia, "Shemeji, nguo iko tayari, utapendeza," naye Sulaiman akamkumbatia akasema, "Hujui babangu atakavyofurahi," wakapigana mabega pale, kila mmoja akiwaza nguo yake, na mimi nikazidi kuwapakulia biriani.

Mzee Angus anatua Jumatatu. Akiambiwa nguo ya watu wake imekataliwa atarudi kwao, na safari hii Sulaiman atakuwa amempoteza kabisa. Na kaka asipotoa mkono hakuna ndoa. Shakira, Mganda ninayekaa naye, ananishauri nimwage mchuzi kwenye kilti niseme ni bahati mbaya, na mimi mwenyewe nimefikiria kuugua hadi Ramadhani ipite. Niseme nini, Bi Ummi, na nianze na nani?

Rukiya, JVC

*

Rukiya mwanangu,

Nilikupigia siku ile ile kwa sababu harusi haingoji gazeti, na haya niliyokwambia nayaandika hapa ili na wenzio wanufaike.

Kwanza, mchuzi weka mbali. Nguo ya babu wa watu imevuka bahari kuja kukuoa wewe, halafu uimwagie mchuzi? Khaa! Na huyo Shakira akikupa chai mshukuru, akikupa ushauri mwambie basi.

Pole, mwanangu. Nakuelewa. Unawapenda watu wawili na ulitaka kila mmoja alale usingizi mnono. Lakini umewajibia watu maswali ambayo hawakuulizwa, na sasa kakako na mchumba wako wana ugomvi ambao hata wenyewe hawaujui. Mficha uchi hazai. Aibu unayoikimbia ni ya jioni moja. Unayoitengeneza itakukuta umekaa na hina mikononi, wazee wamejaa ukumbini.

Kuhusu hiyo sketi: kakako akifunga duka, akaoga, akakaa na kahawa yake, huvaa nini? Kikoi. Mtu amwulize kikoi kina miguu mingapi ya suruali. Ila usimwulize wewe. Wewe kwa sasa huna uso wa kumcheka mtu.

Liko neno moja la haki hapo, nalo ni la dini. Stara ya mwanamume ni kitovu hadi magoti, na mtu akikaa chini mbele ya sheikh nguo hupanda. Hilo aulizwe sheikh, na aulize Sulaiman kwa mdomo wake. Ni mtu mzima na dini aliingia mwenyewe.

Sasa sikiliza. Leo jioni mwambie Sulaiman, uso kwa uso, WhatsApp uiache kwenye mkoba. Anza na neno "nilikudanganya," na "lakini" usiilete mpaka akuulize. Kesho asubuhi nenda Ras Al Khor umwambie kakako vivyo hivyo, na akifoka, mwache afoke, ana haki. Mzee akishafika apelekwe kwa Famau ale chakula, na hiyo kilti mkononi. Wewe ukae jikoni. Usipoze maneno ya mtu, usiyageuze, usimjibie mtu hata kama ni chumvi imepungua. Wanaume hao wakishindwana, washindwane kwa ukweli. Yalla, inuka.

Bi Ummi

*

Baada ya harusi Rukiya aliniletea habari hizi, na ameniruhusu kuzichapa:

Bi Ummi, nilisema. Sulaiman alivaa viatu akaenda kuzunguka bustani mpaka nikadhani harudi tena. Aliporudi akaniambia, "'Hapana' ya Famau ningeiweza. Wewe hukuamini kwamba ningeiweza." Nililia sana. Kaka naye alifoka hadi Irshad akazima mashine, na kaka akanifukuza dukani mbele ya wateja, kisha jioni akanipigia kuuliza kama mzee anakula pilipili.

Walikutana Jumanne, mimi jikoni, mlango nimeuacha wazi kidogo. Kaka alianza kwa kujigamba, akahesabu mababu zetu mmoja mmoja hadi Hadhramaut. Mzee Angus alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akahesabu wa kwake, Murdo juu ya Murdo, na kwa kuwa Kiingereza chake ni kizito, Sulaiman akawa anakirudia kwa Kiingereza chetu. Kisha mzee akaikunjua kilti mapajani.

"Na miraba hii mnayo tangu lini?" kaka akauliza. "Tangu Nabii Nuhu?"

Mzee akacheka. Akasema watu hupenda kusema ni ya kale mno, ila hii ya kwao babu yake aliinunua dukani alipopata kazi ya kwanza melini. "Lakini aliivaa siku alipooa," akasema, "na babangu akaivaa alipooa, na mimi nikaivaa nilipomwoa mamake huyu. Upindo ulipofumuka, yeye ndiye aliyeushona upya." Akamwonyesha mahali.

Kaka aliupitisha ule mshono chini ya kidole gumba, polepole, mpaka mwisho wake. "Mshono mzuri," akasema. Halafu akamgeukia Sulaiman. "Sheikh anasemaje kuhusu magoti?"

Sheikh alikuwa ameshasema stara kwanza. Mzee Angus mwenyewe ndiye aliyetoa shauri: kwao kuna kipande cha miraba hiyo hiyo kinachobanwa begani, naye alikuwa nacho kwenye sanduku. Basi Sulaiman alioa na kanzu ya kaka, kofia ya shangazi na miraba ya ukoo wake begani. Kaka alimpa mkono, na sisi wanawake tuliokuwa chumbani tulimsikia sauti ikimkatika alipofika kwenye jina langu. Wakati wa chakula Sulaiman alibadilisha, akatoka na kilti, ndani kavaa kaptura ndefu. Mzee alishinda na kilti yake nyingine tangu asubuhi. Shangazi Najla alimfuata mzee kabisa akashika marinda, akauliza ni mita ngapi, akaambiwa saba, akageukia wenziwe: "Mita saba kiunoni kwa mtu mmoja! Hiyo si sketi jamani, hilo ni duka." Vigelegele vilipigwa hadi majirani wakafungua milango. Na picha za kwanza kuingia grupu la familia zilitoka kwenye simu ya kaka.

Limebaki jambo moja, Bi Ummi. Sulaiman amenisamehe, lakini kila nikimwambia ndiyo, hata akiniuliza kama nataka chai, ananitazama kwanza na kusema, "Ndiyo ya kweli?" Nifanye nini?

*

Usinune, Rukiya. Mjibu kila akuulizapo, kwa upole, mpaka siku atakayosahau kuuliza. Ulimvunjia imani kwa ndiyo moja, utaijenga kwa nyingi, na hiyo ndiyo kazi ya mwaka wako wa kwanza wa ndoa.

Na hiyo chai, kama huitaki, sema huitaki.