Taa Isiyowaka

Kitinda mimba wangu,

Sisi wazima. Dada yako analipenda mno gari ulilomuuzia. Analiosha kila Jumamosi huku akiimba.

Nikueleze tena, maana darasani kwangu ulikuwa ukisinzia. Ukizungusha ufunguo, taa za onyo kwenye dashibodi huwaka zote. Injini ikinguruma, huzimika. Gari linajikagua. Taa inayokataa kuzimika inakutuma kwa fundi. Isiyowaka kabisa ndiyo ya kuogopa, kwa sababu itanyamaza hata siku ya hatari.

Juzi niliona ya breki haikuwaka. "Mama nawe! Lingekuwa na kasoro, mdogo wangu angeniambia," dada yako akacheka. Alipokwenda sokoni kwa miguu, nikamwita fundi akafungua dashibodi.

"Mwalimu, balbu haikuungua. Imeng'olewa. Na mafuta ya breki yanavuja."

Nikutetee mara ngapi, wewe? Funguo nimezificha mkobani mwangu, na dada yako anapekua nyumba nzima, maana Jumatatu anawapeleka watoto wake shule.

Njoo Jumapili umwambie kwa kinywa chako. Usipokuja nitamwambia mimi, na sijui nitamjibu nini akiniuliza kama ulijua watoto watapanda.

Mama yako