Gazeti Langu Lilifika Muyinga Kabla ya Bibi Harusi

Gitega, Jumatatu, tarehe 12 Februari 2024

Mpendwa Bi Anisia,

Kabla sijaomba msaada wako naapa kwamba nitaeleza kila kitu, tangu mwanzo mpaka leo asubuhi, bila kuficha hata lile linaloniaibisha, kwa sababu Mwalimu Zakaria, aliyekulia Kigoma na kutufundisha kuandika Kiswahili sanifu, husema kwamba kidonda kilichofunikwa hakitibiki. Nina miaka kumi na saba, wazazi wangu wako Muyinga, mimi nakaa Gitega kwa shangazi kwa ajili ya shule, na tangu Ijumaa sijaweza kutulia, nikifungua daftari nalifunga, nikiinjika maji nayasahau mpaka yanakauka.

Mambo yalianza dukani kwa mzee Taki, anayeagiza vyombo vilivyotumika kutoka Ujerumani. Sahani zake hufika zimefungwa kwa kurasa za magazeti, na mimi na rafiki yangu Nausheen, mjukuu wake, tukitoka shule tunasaidia kuzifungua. Kurasa nyingi ni za gazeti moja la kila wiki, ambalo jina lake kwa Kiswahili ni kama Taji la Buluu, limejaa malkia, waimbaji na waigizaji. Bi Noorjehan, mama yake Nausheen, aliishi Bremen miaka kumi na moja, na ndiye aliyekuwa akitusomea huku akifuta vikombe.

Alituambia kwamba gazeti hilo lilianza baada ya vita, likiwa karatasi ya ratiba za redio tu, na siku moja mwenye gazeti akaweka picha ya malkia wa nchi jirani ili kujaza nafasi iliyobaki, likaisha sokoni kabla ya adhuhuri, kwa sababu watu walikuwa wamechoka kutazama magofu na walitaka kuona taji. Ratiba zikapungua, mataji yakaongezeka. Baadaye, malkia walipokuwa hawafanyi jambo jipya, waandishi wakaanza kuwafanyia: binti mfalme akishika tumbo, ana mimba, akivua pete ili anawe mikono, ndoa imekufa.

"Na hawashitakiwi?" Nausheen akauliza.

"Wanashitakiwa sana," mama yake akasema. "Lakini we angalia hapa mwisho wameweka nini. Alama ya kuuliza! Ukiwashika wanakwambia, sisi hatukusema, tuliuliza tu. Na hapa, ona, 'watu wa karibu wanasema.' Hao watu wa karibu, mi nimekaa kule miaka kumi na moja, sijakutana na hata mmoja."

Tulicheka mpaka nikakaribia kuvunja bakuli. Kisha akatueleza kashfa kubwa kuliko zote, kwamba waliwahi kutoa mahojiano marefu na mwimbaji mzee ambaye wakati huo alikuwa amepasuliwa koo na hawezi kutamka neno, kumbe maneno yake waliyaokota katika magazeti ya zamani wakayashona, na familia yake ikaenda mahakamani, mhariri akafukuzwa, na wiki iliyofuata gazeti likatoka kama kawaida. Sisi hatukucheka tena, lakini naapa, Bi Anisia, kwamba nilipokuwa natembea kwenda nyumbani sikumfikiria yule mzee. Nilifikiria jinsi gazeti lilivyoisha sokoni kabla ya adhuhuri.

Mimi nataka kuwa mwandishi. Sijamwambia mtu isipokuwa Mwalimu Zakaria. Basi nikachukua karatasi za daftari, nikakata taji katika ukurasa mmoja wa Kijerumani nikalibandika juu, nikaandika kwa herufi kubwa JICHO LA GITEGA, bila jina langu. Toleo la kwanza lilikuwa la utani wa shule. Wasichana waligombania kulisoma. La pili lilihitaji habari nzito zaidi, na mimi sikuwa na malkia, nilikuwa na dada Zawadi tu.

Dada Zawadi ni fundi cherehani aliyepanga chumba uani kwa shangazi. Ameposwa na Ilyasi, muuza vipuri vya baiskeli wa Muyinga, na ndoa imepangwa kabla ya Ramadhani. Alhamisi tatu mfululizo nilimwona anapanda pikipiki ya Prosper, yule wa teksi, kuelekea njia ya Mutoyi, ana mkoba, na jioni akirudi amejifunika mtandio mpaka machoni. Nikaandika: JE, BIBI HARUSI WETU ANA MWINGINE? Chini yake nikaeleza pikipiki, mkoba na mtandio, nikamalizia kwamba watu wa karibu wanasema moyo wake haupo tena Muyinga. Hao watu wa karibu nilikuwa mimi. Jina lake sikuandika, niliandika "fundi mmoja mwenye cherehani ya kijani", na cherehani ya kijani katika mtaa wetu ni moja.

Nakala moja nikampelekea mdogo wangu Latifa huko Muyinga, kwa sababu nilitaka aone nilivyoandika vizuri. Latifa akaibeba, bila kusema imeandikwa na nani, kwenda nyumbani kwa akina Ilyasi, wanaoijua cherehani ile ya kijani, ambako wanawake walikuwa wamekaa ukumbini wanachagua mchele wa harusi, na mmoja wao akaisoma kwa sauti, tangu taji mpaka mwisho. Latifa anasema sinia zote zilitua. Mama yake Ilyasi akaichukua ile karatasi, akaikunja, akasema, "Sisi hatumsingizii mtoto wa watu. Gazeti limeuliza, basi na sisi tunauliza."

Ijumaa karatasi ikarudi Gitega kwa basi, pamoja na ujumbe kwamba Jumapili hii, tarehe 18, wajumbe watakuja kwa shangazi kusikiliza jibu, na wasiporidhika wataivunja posa. Dada Zawadi aliacha shule mapema, kusoma kunampa taabu. Alikuja kwangu nikiwa napepeta maharage, akanipa karatasi yangu mwenyewe.

"We ndiye msomi wa hapa," akaniambia. "Nisomee vizuri, sha, mdogo wangu, usiruke kitu. Mi naona tu watu wananitazama."

Nikasoma. Nilipofika pale kwenye watu wa karibu niliruka, nikasema mwandiko umefifia. Yeye akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyu aliyeandika anaandika vizuri. Mungu amsamehe. Mi sijui nilimkosea nini."

Bi Anisia, sikusema. Nilikuwa na ungo mapajani, nikaendelea kupepeta. Ndipo akaniambia mwenyewe, kwa kuniamini, kwa nini huenda Mutoyi kila Alhamisi, na kwa nini hataki mtu ajue, hata Ilyasi, mpaka atakapokuwa tayari kumweleza mwenyewe. [Mistari sita imeondolewa hapa. — Mshauri] Kwa hiyo unaona kwamba hakuna kosa lolote, wala hakuna mwanamume, Prosper ni dereva anayelipwa nauli na mkewe anajua, ingawa sasa wenzake kijiweni wanamwita bwana harusi wa Alhamisi na yeye ameanza kukwepa mtaa wetu.

Sasa nimebanwa pande zote. Nikinyamaza, Jumapili posa inavunjika. Nikisema alikuwa anaenda wapi, nitamsafisha, lakini nitakuwa nimetoa siri yake mbele ya ukoo mzima. Nikisema ni mimi niliyeandika, shangazi ataniandikia baba, na nani ataniamini tena na kalamu? Nimefikiria kumwandikia mama yake Ilyasi barua bila jina, yenye maneno machache tu kwamba habari zile hazikuhakikishwa.

Jambo la mwisho. Bi Noorjehan ameweka ukurasa mmoja ambao hataki kufungia sabuni. Ni ukurasa wa mbele wa Taji la Buluu, hauna picha hata moja, ni mweupe, na una maneno ya binti mfalme mmoja kwa herufi kubwa kama zile walizomsingizia: Sikuwa na mimba. Sikumwacha mume wangu. Anasema mahakama iliwalazimisha, maana walipotaka kujirekebisha kwa mistari miwili midogo chini ya mapishi, hakimu alikataa. Kila nikifumba macho nauona ukurasa ule.

Nakuomba unijibu kwa dereva huyu huyu wa basi aliyeleta barua, kabla ya Jumapili: je, ninaweza kuufuta uongo wangu bila kutoa siri yake, na bila kuandika jina langu?

Mwenye wino mkononi

*

Binti yangu mwenye wino,

Jibu hili nilikutumia kwa dereva siku ile ile barua yako ilipofika. Hapa gazetini linatoka baada ya Jumapili yako kupita, na majina pamoja na kazi za watu nimebadilisha, ili ukurasa wangu usije ukafanya kama wako.

Umeuliza mambo mawili katika swali moja. La siri, jibu ni ndiyo. La jina, jibu ni hapana, na wewe ulilijua kabla hujabandika bahasha, la sivyo usingenisimulia habari za ule ukurasa mweupe. Unakumbuka hakimu alivyokataa mistari miwili chini ya mapishi, halafu unataka kumpelekea mama mkwe wa mtu barua isiyo na jina yenye maneno "hazikuhakikishwa"! Hayo ndiyo mapishi yako.

Pole, mwanangu. Najua ungo ulivyokuwa mzito siku ile. Lakini usijihurumie sana, maana aliyesomewa ni Zawadi.

Tena nakugombeza kwa jambo ambalo hukuliona. Umeapa kunieleza kila kitu, na kweli, ukanimwagia hata siri aliyokukabidhi dada wa watu kwa kukuamini. Nani alikuambia mimi nahitaji kuijua? Swali lako linajibika bila mistari ile sita. Nimeikata kwa mkasi nikaitia kwenye mbabula ya makaa, chai ikachemka. Wasomaji wanaosoma hapa wamekuelewa vizuri kabisa na hawajui alikuwa anaenda wapi, na wala hawatajua. Kumbe inawezekana. Nenda ukafanye hivyo hivyo.

Leo, kabla ya kula, nenda chumbani kwa Zawadi. Mwambie ni wewe. Msomee ule mstari ulioruka. Atakachosema, kipokee umesimama, na usimwombe akusamehe siku hiyo hiyo, mpe nafasi. Kisha mwombe ruhusa ya kusafiri, maana jina linalosafishwa ni lake. Baada ya hapo mwambie shangazi. Atafoka. Shangazi akifoka nyumba haianguki, na baba yako kukusikia kutoka kwako ni afadhali kuliko kusikia kwa wajumbe.

Jumamosi panda basi la asubuhi kwenda Muyinga, usimtume Latifa. Chukua karatasi ya ukubwa ule ule, herufi za ukubwa ule ule, bila taji. Andika hivi: "Mimi, fulani binti fulani, niliandika kwamba bibi harusi ana mwingine. Sikuona hivyo. Niliona mwanamke amepanda pikipiki ya nauli. Watu wa karibu niliowataja hawapo, nilikuwa mimi peke yangu." Usiongeze kitu, na mwisho weka nukta, usiweke alama ya kuuliza. Isome kwa sauti pale pale ukumbini, mbele ya wanawake wale wale, na kama hawapo waombe waitwe. Nakala ya pili mpelekee Prosper kijiweni, uisome wenzake wakisikia.

Watakuuliza, "Basi alikuwa anaenda wapi?" Jibu, "Hilo si langu." Wakikaza, lirudie. Hilo ni la Zawadi kumwambia Ilyasi, siku atakayotaka yeye, na kama Ilyasi hawezi kungoja, afadhali Zawadi alijue mapema.

Inawezekana posa ikavunjika hata hivyo. Sikufichi. Utakuwa umelipa kwa jina lako na bado hasara ni ya mwenzako, na utaishi uani pamoja naye ukimwona kila asubuhi. Lakini atakuwa ameondoka katika jambo hili akiwa msafi, na watu wa ukumbi ule watakuwa wamesikia.

Kuhusu kalamu. Zawadi alisema unaandika vizuri, na alisema hivyo bila kukujua, kwa hiyo ni kweli. Toleo la tatu la gazeti lako ni hilo la Jumamosi. Mwalimu wako aone kwanza kama maneno yote yanasomeka kutoka mwisho wa chumba.

Ukifika watakukaribisha kwa adabu, watakuletea mkeka na chai. Usikae, wala usipokee kikombe, mpaka umesoma.

Anisia